Chombo na Masharti Yake: Jinsi Vifungashio Vinavyopimwa Kabla ya Kugusa Chakula

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza kueleza namna kemikali zinavyohama kutoka kwenye kifungashio na kuingia katika chakula. Kufahamu maabara inapima nini kabla kifungashio hakijaruhusiwa kutumika. Na kutambua yale matumizi ya nyumbani ambayo hayakuwahi kupimwa na maabara yoyote. Hilo la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote. Kifungashio kilichofaulu kipimo kimefaulu kwa chakula fulani, kwa joto fulani na kwa muda fulani. Masharti hayo yakivunjwa jikoni, cheti cha maabara hakina tena la kusema.

1. Ushahidi wa dumu la mafuta ya taa

Kaya nyingi zinalijua dumu lililowahi kuwekewa mafuta ya taa. Huoshwa kwa sabuni, husuguliwa kwa mchanga, huanikwa juani kutwa nzima. Likijazwa maji ya kunywa, harufu inarudi. Aghalabu lawama humwangukia aliyeliosha, kwamba hakuliosha vizuri. Ukweli ni kuwa mafuta yaliyobaki hayako juu ya ukuta wa dumu, bali yamo ndani ya ukuta wenyewe.

Plastiki huonekana kwa macho kuwa kitu kizima kisichopitisha chochote. Kwa hakika imeundwa kwa minyororo mirefu ya molekuli iliyosokotana mithili ya nyuzi za kumbi la nazi. Katikati ya minyororo hiyo zimo nafasi ndogo mno, na molekuli ndogo hupenya humo, hukaa, na baadaye hutoka. Mafuta ya taa yaliingia ukutani polepole wakati dumu lilipokuwa limejaa. Maji yalipochukua nafasi yake, yakaanza kutoka polepole vilevile. Sabuni na mchanga hufika juu ya ukuta tu.

Mwendo huu wa molekuli kutoka kwenye chombo kwenda kwenye chakula ndio tunaouita uhamaji wa kemikali. Hata dumu jipya, ambalo halijawahi kuwekewa kitu, lina vitu vinavyoweza kuhama. Kuna mabaki ya monoma, yaani zile molekuli ndogo zilizounganishwa kiwandani kuwa plastiki, ambazo baadhi yake hazikuungana. Kuna viongeza vilivyotiwa makusudi: vilainishi vya kuifanya plastiki ipinde bila kuvunjika, vizuizi vya kuikinga na jua, na rangi. Kuna wino na gundi vya kifungashio chenye maandishi. Mwisho, kuna vitu ambavyo hakuna aliyekusudia kuviweka: uchafu wa malighafi, mabaki yaliyokuja na plastiki iliyorejelezwa, na vipande vya molekuli vilivyovunjika wakati wa kuyeyusha.

Mafuta ya taa yana hisani moja: hujitangaza kwa harufu. Vitu vingi vinavyohama havina harufu wala ladha, wala havibadilishi rangi ya chakula. Kwa sababu hiyo pua ya mpishi, hata iwe hodari kiasi gani, haiwezi kuchukua nafasi ya maabara.

2. Mambo manne yanayoamua kiasi kinachohama

*Joto.* Joto linapopanda, molekuli huchangamka na nafasi kati ya minyororo hulegea. Kifuko kilichotulia kikiwa na maharage makavu si kifuko kilekile kikitiwa supu inayochemka.

*Muda.* Maandazi yanayokaa katika kifungashio kwa dakika kumi hupokea kidogo kuliko achari inayokaa miezi sita.

*Aina ya chakula.* Vilainishi vingi na mafuta ya wino huyeyuka kwa urahisi katika mafuta. Hivyo samli, nyama iliyonona, chipsi na karanga huvivuta zaidi kuliko maji. Kwa upande mwingine, vyakula vichachu kama vile ukwaju, ndimu, nyanya na siki huvuta zaidi metali na baadhi ya kemikali za vyombo vya melamini.

*Eneo la mgusano.* Kadiri chakula kinavyokuwa kidogo, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya chakula hicho inavyogusa ukuta wa chombo. Tutalithibitisha jambo hili kwa hesabu katika sehemu ya nne.

3. Maabara inapima nini

Katika somo hili tutatumia takwimu za Umoja wa Ulaya, zilizomo katika Kanuni Na. 10 ya mwaka 2011 kuhusu plastiki zinazogusa chakula. Tumezichagua kwa sababu maabara nyingi nje ya Ulaya huzirejelea, na kwa sababu msindikaji wa Afrika Mashariki anayeuza chakula kilichofungashwa kwa plastiki katika soko hilo hana budi kuzitimiza.

Jambo la kwanza linaloweza kumshangaza mlaji ni kwamba maabara mara nyingi haitumii chakula chenyewe. Pilau, kwa mfano, ina mafuta, viungo, wanga na chumvi. Kutafuta sehemu ndogo mno ya kemikali ngeni humo ni kama kutafuta sindano katika debe la mchele. Badala yake hutumika vimiminika wakilishi, kila kimoja kikisimama mahali pa kundi la vyakula. Ethanoli ya asilimia 10 huwakilisha vyakula vyenye majimaji; asidi ya asetiki ya asilimia 3, inayofanana na siki, huwakilisha vyakula vichachu; ethanoli ya asilimia 20 huwakilisha vinywaji vyenye kileo; ethanoli ya asilimia 50 huwakilisha maziwa na vinywaji vyenye kileo kikali; mafuta ya mimea huwakilisha vyakula vya mafuta. Kwa vyakula vikavu hutumika unga maalumu unaonyonya mvuke wa kemikali.

Jambo la pili ni muda na joto. Mpimaji hawezi kusubiri mwaka mzima kama kopo linavyosubiri dukani. Kwa hiyo joto huongezwa ili kufupisha muda. Kipimo kinachotumika sana ni siku 10 kwa nyuzijoto 40 za Selsiasi. Hicho huwakilisha uhifadhi wa muda mrefu katika joto la kawaida la chumba. Chombo cha kuwekea chakula cha moto kwa muda mfupi huweza kupimwa kwa saa 2 katika nyuzijoto 70. Kinachokusudiwa kustahimili joto la maji yanayochemka hupimwa kwa saa 1 katika nyuzijoto 100. Msomaji aone hapa kwamba mtengenezaji ndiye anayetangaza kazi ya chombo chake, na kipimo huifuata kazi hiyo. Chombo kilichotangazwa kuwa cha kuhifadhia maji ya kunywa hakikupimwa kwa kupikiwa.

Baada ya muda kutimia, vipimo hugawanyika katika aina mbili. *Kipimo cha uhamaji wa jumla* huuliza: kwa pamoja, ni uzito gani ulioiacha plastiki? Kikomo ni miligramu 10 kwa kila desimita moja ya mraba ya plastiki, eneo la sentimita 10 kwa sentimita 10. *Kipimo cha uhamaji mahususi* huuliza: kati ya vilivyotoka, kemikali fulani ni kiasi gani? Kwa mfano, kikomo cha melamini ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya chakula, na cha formaldehidi ni miligramu 15. Hapa hutumika mashine za kromatografia, ambazo hutenganisha mchanganyiko na kukitambua kila kilichomo.

Aina hizi mbili hazibadilishani. Uhamaji wa jumla huonyesha kama plastiki imetulia au inamomonyoka. Hauelezi kama kilichotoka kina madhara. Plastiki inaweza kutoa uzito mdogo sana kwa jumla, na bado uzito huo mdogo ukawa wa kemikali isiyotakiwa. Tangazo linalosema tu kwamba bidhaa "imepimwa maabara", bila kutaja imepimwa kwa chakula gani na kwa joto gani, halijamwambia mlaji mengi.

4. Mfano wa hesabu

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya mafunzo. Kipande cha plastiki chenye eneo la desimita 1 ya mraba kimetumbukizwa katika asidi ya asetiki ya asilimia 3 kwa siku 10 katika nyuzijoto 40. Kipande kinatolewa, kimiminika kinamiminwa katika bakuli lililopimwa uzito, kisha kinakaushwa mpaka kibaki kile tu kisichoruka na mvuke.

Bakuli tupu: gramu 48.2160.
Bakuli baada ya kukausha: gramu 48.2205.
Tofauti: gramu 0.0045, yaani miligramu 4.5.

Kimiminika kama hicho ambacho hakikuguswa na plastiki nacho hukaushwa, kwa kuwa kinaweza kuacha mabaki yake chenyewe. Tuseme kimeacha miligramu 0.5. Plastiki basi imetoa miligramu 4.0 kwa desimita ya mraba. Kikomo ni 10; sampuli imefaulu.

Je, hayo ni kiasi gani katika chakula? Wataalamu wamekubaliana kwa ajili ya hesabu kwamba kilo moja ya chakula hugusa desimita 6 za mraba za kifungashio, mfano wa boksi la mraba lenye sentimita 10 kila upande. Hivyo 4.0 mara 6 ni miligramu 24 kwa kilo.

Sasa chukua plastiki ileile uitengenezee kifuko cha mafuta ya kula ya gramu 50, chenye upana wa sentimita 8 na urefu wa sentimita 10. Pande zake mbili zina jumla ya sentimita 160 za mraba, yaani desimita 1.6. Kwa kilo moja ya mafuta vingehitajika vifuko 20, ambavyo vina desimita 32 za mraba. Plastiki hiyo ikitoa miligramu zilezile 4.0 kwa kila desimita, kilo moja ya mafuta itapokea miligramu 128. Plastiki haikubadilika. Kilichobadilika ni udogo wa kifungashio. Na kwa kuwa tumehesabu kwa kipimo cha asidi, mafuta halisi huenda yakavuta zaidi.

Hesabu hii inamhusu hasa mwenye kipato kidogo, anayenunua kwa kadiri ya fedha ya siku hiyo. Inamhusu pia mtoto mchanga, ambaye uzito wake ni mdogo na chakula chake hakibadiliki siku hadi siku. Ndiyo maana kwa vyombo na vifungashio vya chakula cha watoto wachanga na wadogo kikomo cha jumla huwekwa kwa kilo ya chakula, miligramu 60, wala si kwa eneo la plastiki. Udogo wa pakiti hauwezi kuwa kisingizio.

5. Maji ya kwanza, ya pili na ya tatu

Vyombo vinavyotumika mara nyingi, kama vile sahani, vikombe na mikebe ya chakula, hupimwa mara tatu mfululizo, kila mara kwa kimiminika kipya. Matokeo ya mara ya tatu ndiyo hulinganishwa na kikomo, na hayatakiwi kuwa juu ya yale yaliyotangulia.

Sababu yake ni nzuri kuijua. Katika plastiki nyingi, maji ya kwanza huchukua mabaki yaliyo karibu na uso wa chombo, ya pili huchukua kidogo, na ya tatu huchukua kidogo zaidi. Chombo kinatulia. Ikiwa mara ya tatu imetoa zaidi ya mara ya kwanza, chombo kinasema jambo lingine: ukuta wake wenyewe umeanza kuvunjika, na kila mlo utauvunja zaidi.

Vyombo vya melamini vinahitaji uangalizi wa namna hiyo. Hutengenezwa kwa melamini na formaldehidi zilizounganishwa kwa joto na mgandamizo. Vikitengenezwa vizuri ni imara, vyepesi, na havivunjiki upesi. Ndiyo maana vimejaa katika nyumba zetu na kwenye vibanda vya mama lishe. Vikitengenezwa kwa haraka, muungano huwa dhaifu, na chakula kichachu cha moto huurudisha nyuma. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliweka masharti ya pekee kwa vyombo vya melamini vilivyotoka China na Hong Kong, baada ya shehena kadhaa kuonekana kutoa formaldehidi kupita kikomo. Mwaka huohuo Taasisi ya Shirikisho ya Tathmini ya Hatari ya Ujerumani ilishauri kwamba vyombo hivyo visitumike kupikia wala kuwekwa katika maikrowevu. Ushauri wetu ni uleule: sahani ya melamini ni ya kulia. Chai ya ndimu inayochemka, uji wa moto wa mtoto na supu iliyotoka jikoni sasa hivi vitiwe katika kikombe cha kauri, cha glasi au cha chuma kisichoshika kutu.

6. Funzo la Italia, 2005

Mwaka 2005 mamlaka za Italia zilikuta katika maziwa ya watoto kemikali iitwayo ITX, na mamilioni ya lita yakazuiliwa. ITX hutumika katika wino unaokaushwa kwa miale ya urujuanimno. Swali lililowashangaza wengi lilikuwa hili: wino ulikuwa nje ya boksi na maziwa yalikuwa ndani, vilikutana wapi?

Vilikutana kiwandani, kabla boksi halijawa boksi. Karatasi ya kifungashio huchapwa ikiwa ndefu, kisha huviringishwa. Katika mviringo huo, uso uliochapwa hulalia uso utakaokuja kugusa chakula. Wino ulihama kutoka uso mmoja hadi mwingine, na maziwa yakauchukua baadaye. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilichunguza na kueleza kwamba kuwepo kwa kemikali hiyo katika chakula hakufai, ingawa viwango vilivyoripotiwa havikuonekana kuhatarisha afya.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, hupimwa kifungashio kilichokamilika, pamoja na wino na gundi zake. Cheti cha malighafi peke yake hakitoshi. Pili, ikiwa wino uliochapwa upande wa nje wa boksi uliweza kufika ndani, basi wino wa gazeti unaogusa andazi la moto moja kwa moja hauhitaji ufafanuzi mrefu.

Vikomo navyo hubadilika kadiri elimu inavyoongezeka. Bisfenoli A, inayotumika kutengeneza plastiki ngumu ya polikaboneti na utando wa ndani wa baadhi ya makopo, ilipigwa marufuku katika chupa za watoto wachanga Ulaya mwaka 2011. Mwaka 2023 Mamlaka hiyohiyo ya Ulaya ilipunguza kiasi kinachovumilika kwa siku mara 20,000, na mwishoni mwa 2024 marufuku ikapanuliwa hadi vifungashio na vyombo vya chakula kwa jumla, pamoja na muda wa mpito. Chombo kilichokuwa halali miaka kumi iliyopita si lazima kiwe halali leo.

7. Mahali ambapo kipimo hakifiki

Tumeona kwamba kipimo huifuata kazi iliyotangazwa. Matumizi yafuatayo hayajatangazwa na mtengenezaji yeyote, kwa hiyo hakuna kipimo kinachoyalinda.

*Kufunika wali au ndizi kwa nailoni wakati wa kupika.* Mvuke wa sufuria hukaribia nyuzijoto 100, na ukingo wa sufuria huweza kuwa na joto zaidi. Mifuko mingi hutengenezwa kwa polithini, ambayo hulainika karibu na joto hilo. Mvuke hugusa nailoni, hugeuka matone, na matone hurudi kwenye wali yakiwa yamebeba yaliyokutana nayo. Mfuko wa rangi uliotengenezwa kwa plastiki iliyorejelezwa huongeza mashaka, kwa kuwa asili yake haijulikani. Tumia kifuniko kinachobana, kitambaa safi cha pamba chini ya kifuniko, au jani la mgomba lililooshwa, ambalo bibi zetu walilitumia kabla nailoni haijafika.

*Kufungia chakula katika magazeti na karatasi zilizoandikwa.* Maandazi, karanga, mihogo ya kukaanga na nyama choma vina mafuta, na mafuta huvuta wino. Kanuni za vifungashio za India za mwaka 2018 zimekataza waziwazi magazeti kutumika kufungia chakula. Karatasi za daftari na za mitihani zilizokwisha tumika zina tatizo hilohilo, pamoja na uchafu wa mikono mingi zilikopitia. Muuzaji atumie karatasi safi isiyoandikwa inayofaa kwa chakula; mnunuzi naye aweza kuja na chombo chake.

*Ndoo na madumu yaliyokuwa na vitu visivyo chakula.* Ndoo ya rangi, dumu la kemikali ya kiwandani na chupa ya kiuatilifu visiwekewe maji, togwa, maziwa wala mafuta ya kula, hata vikioshwa mara ngapi. Ukuta umekwisha kunywa kilichokuwemo, kama dumu la mafuta ya taa. Kwa chupa za viuatilifu hatari ni kubwa mno. Zisibaki kabisa mahali ambapo mtoto anaweza kuziokota.

*Kutia chakula cha moto katika chupa na mikebe ya matumizi ya mara moja.* Chupa ya maji ya kunywa ilitengenezwa kwa maji baridi. Usiitie chai, uji wala mafuta ya moto. Mkebe uliokuja na aiskrimu ulitengenezwa kwa baridi. Usitumike kupashia pilau.

*Kuanika maji ya chupa juani.* Chupa nyingi za maji ni za PET, na katika kuitengeneza plastiki hiyo hutumika antimoni. Katika uhifadhi wa kawaida kiasi kinachohama ni kidogo sana, lakini huongezeka joto linapopanda. Mwenye duka aweke katoni kivulini, na mlaji asinunue maji yaliyokaa juani siku nyingi.

8. Kusoma alama za chombo

Alama ya *glasi na uma* humaanisha kuwa chombo kimekusudiwa kugusa chakula. Itafute kwanza.

*Namba ndani ya pembetatu*, kuanzia 1 hadi 7, hutaja aina ya plastiki kwa ajili ya urejelezaji. Namba 1 ni PET, 2 na 4 ni aina za polithini, 3 ni PVC, 5 ni polipropilini, 6 ni polistireni, na 7 ni plastiki nyinginezo, ikiwemo polikaboneti. Namba si cheti cha usalama. Ndoo ya rangi na ndoo ya mafuta ya kula huweza kuwa na namba moja.

*Maelekezo ya joto*, kama vile kutotumika katika maikrowevu, ni masharti ya kipimo yaliyoandikwa kwa lugha ya jikoni. Chombo kisicho na jina la mtengenezaji, alama wala maelekezo kichukuliwe kuwa hakijulikani.

Sahani au kikombe kilichochubuka, kilichopauka, kilichopasuka au kinachonata kimemaliza muda wake, hata kama bado kinashika maji.

9. Tahadhari isigeuke hofu

Asiwepo msomaji atakayefunga kijitabu hiki akiamini kwamba vifungashio vyote ni vibaya. Kifungashio kinachofaa huzuia vumbi, nzi, unyevu na vimelea, na vimelea huua haraka kuliko mabaki ya plastiki. Maji safi katika chupa iliyofungwa ni bora mara nyingi kuliko maji ya wazi katika ndoo ya kupokezana. Mtu aliyefunika wali kwa nailoni jana hana sababu ya kukimbilia zahanati leo. Madhara tunayoyazuia ni yale yanayojilimbikiza kidogo kidogo kwa miaka, na njia ya kuyazuia ni mazoea ya kila siku.

Ukitilia shaka kifungashio, kwa mfano chakula kimebeba harufu ya plastiki au wino umeng'oka na kushika chakula, usikile. Kihifadhi pamoja na kifungashio chake bila kukiosha, tunza risiti, nakili namba ya toleo na tarehe zilizoandikwa, kisha uvifikishe katika ofisi ya mamlaka inayosimamia usalama wa chakula iliyo karibu nawe. Kifungashio kilichotupwa hakiwezi kupimwa, na muuzaji asiyejulikana hawezi kufuatiliwa.

Maswali ya kujipima

1. Mama lishe ana ndoo safi yenye namba 2 chini yake. Zamani ilikuwa na rangi ya ukuta. Je, namba hiyo inamruhusu kuhifadhia unga?
2. Chombo kimefaulu kipimo cha siku 10 katika nyuzijoto 40. Je, kinafaa kupikia maharage kwa mvuke?
3. Sahani imetoa miligramu 1 ya formaldehidi mara ya kwanza, 2 mara ya pili na 4 mara ya tatu, kwa kilo. Kikomo ni 15. Je, tuifurahie?

Majibu

1. Hapana. Namba hutaja aina ya plastiki. Haifuti kilichowahi kuingia ukutani.
2. Kipimo hicho hakitoshi kujibu. Kinahusu uhifadhi, na kupika kwa mvuke ni kazi nyingine inayohitaji kipimo chake.
3. La. Iko chini ya kikomo, lakini inapanda kila mara. Sahani inavunjika, na mlo wa kesho utapokea zaidi ya wa leo.